Kabla ya kutuuzia sumu ya pilipili, tuulizwe ni mdudu gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo linalotuumiza sisi tunaolima pilipili huku Mlali, wilayani Mvomero, na ambalo bila shaka wenzetu wa Lushoto, Kilosa na kwingineko wanaolima zao hili katika mashamba ya wazi wanalifahamu. Kila msimu wadudu wanatuharibia mazao, na kila msimu kilio chetu katika vikao vya wakulima ni kimoja: tuletewe dawa kali zaidi. Nimefikia kuamini kwamba kilio hicho kimepotea njia. Dawa kali tunazo tele. Tunachokosa ni mtu wa kutuambia, kabla hatujatoa fedha mfukoni, kwamba mdudu aliyemo shambani ni yupi.

Nianze na imani moja ambayo hata mimi nilikuwa nayo. Watu wengi hudhani kwamba pilipili, kwa ukali wake, inajilinda yenyewe, na dhana hiyo haikuzuka tu, kwa kuwa wazee wetu walitwanga pilipili kichaa pamoja na vitunguu saumu, wakachuja maji yake na kuyanyunyizia mboga ili kufukuza wadudu. Ukali huo, hata hivyo, umekaa zaidi katika utando mweupe unaoshikilia mbegu ndani ya tunda. Jani changa na ua havina ukali wa kumtisha mdudu, na huko ndiko wengi wao wanakoanzia kazi. Wapo pia, kama nitakavyoeleza, wanaoingia ndani ya tunda lenyewe na kula kwa raha zao kana kwamba ni embe.

Mwaka jana nilipanda nusu eka ya pilipili ndefu. Miche ilishika vizuri, nikapalilia, nikaweka mbolea, na katika wiki ya sita tangu kuihamishia shambani maua ya kwanza yalifunguka. Wiki hiyohiyo niliona majani ya kileleni yamekuwa membamba na magumu kidogo ukiyashika, kingo zake zimejikunja kuelekea chini, na maua yakaanza kudondoka kabla ya kufunga tunda. Nilichuma jani moja, nikalikunjia ndani ya karatasi ya daftari na kwenda nalo duka la pembejeo. Kijana aliyekuwa zamu hakuifungua ile karatasi. Aliniuliza shamba lina ukubwa gani na bomba langu ni la lita ngapi, akanishushia chupa kutoka rafu ya juu, akisema kwamba hiyo "inaua kila kitu". Nikalipa.

Nilipulizia mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki tatu, na hali ikazidi kuwa mbaya. Niliporudi nilipewa chupa nyingine, yenye jina jingine na picha nyingine, nikaambiwa kwamba ile ya kwanza wadudu wameshaizoea. Nikapulizia tena. Mimea ikadumaa, na mengi ya matunda machache yaliyofunga yakatoka na ngozi ya kahawia iliyokakamaa kama gome, ambayo hakuna mnunuzi aliyetaka hata kuitia mkononi. Afisa ugani wa kata yetu, ambaye ana vijiji vingi na pikipiki moja isiyopata mafuta kila siku, alipofika hatimaye alitoa lenzi ndogo ya mkononi, akaligeuza jani na kuniambia nitazame. Niliona vitu vinavyong'aa, vya manjano hafifu, vikitembea pembezoni mwa mshipa wa jani. Kwa macho matupu nisingeviona hata ningekodoa hadi jioni, kwa kuwa urefu wake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Walikuwa ni utitiri. Utitiri si mdudu hasa, kwani ni wa ukoo wa buibui na kupe, na sumu nyingi zinazoua wadudu hazimdhuru.

Kisha akaomba azione chupa zangu. Zote mbili, licha ya kuwa na majina tofauti na kutoka kampuni tofauti, zilikuwa na kiambato amilifu kilekile, yaani kemikali yenyewe inayoua, lamda-sihalothrini. Nilikuwa nimenunua dawa moja mara mbili huku nikidhani nimebadilisha. Baya zaidi ni kwamba dawa za jamii hiyo huwaua wale wanaomla utitiri, wakiwemo utitiri wawindaji na mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, zikamwacha yeye azaane bila adui. Na katika joto la kwetu, kutoka yai hadi naye kuanza kutaga huchukua muda wa wiki moja hivi. Kumbe kila nilipobeba bomba mgongoni nilikuwa nawasafishia njia. Kilichohitajika, tena mapema, ni dawa ya utitiri, kama vile abamektini, au salfa, ileile ambayo wenzetu wa Mtwara na Lindi huipulizia mikorosho yao dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu tofauti kati ya adui huyu na yule inaweza kuonekana shambani bila maabara. Jani linalojikunja kuelekea chini, kama kijiko kilichofudikizwa, mara nyingi ni kazi ya utitiri. Jani linalojikunja kuelekea juu, kingo zake mbili zikikaribiana kama mtumbwi, na ambalo ukilitazama unaona mabaka ya rangi ya fedha yenye vidoti vyeusi vya kinyesi, mara nyingi ni kazi ya vithiripi. Mwenye shaka achukue karatasi nyeupe, ashike ua la pilipili juu yake na kuligonga kwa kidole. Vijidudu vyembamba vya urefu wa milimita moja hivi, vya manjano au vya kahawia, vitaanguka na kuanza kukimbia, na hao ndio vithiripi. Picha za simu tunazotumiana siku hizi katika makundi ya WhatsApp hazitusaidii sana hapa, maana picha huonyesha jani lililojikunja na kumwacha mkunjaji, na kila mwanakundi hutaja dawa aliyoitumia yeye.

Vithiripi nao wana hila yao. Jike hulitoboa jani na kuficha yai ndani yake, ambako dawa ya kugusa haifiki; watoto wakishaanguliwa hula kwenye jani changa na ndani ya ua, kisha wengi wao hujidondosha ardhini na kugeuka pupa katika udongo na majani makavu, ambako pia dawa haifiki. Anayepulizia leo anawaua waliopo juu ya mmea leo. Baada ya siku chache waliokuwa ndani ya jani na waliokuwa udongoni wanatokea, na mkulima anasema dawa ni feki. Huenda ni feki kweli, kwa maana dawa bandia zipo, lakini mara nyingi ni hesabu ya siku iliyokosewa, au ni kiambato kilekile kilichorudiwa hadi vizazi vya wadudu vikakizoea. Wakulima wa India, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha pilipili kavu, walilionja hilo mwishoni mwa mwaka 2021, wakati aina ngeni ya vithiripi, Thrips parvispinus, ilipovamia mashamba ya Andhra Pradesh na Telangana na kujaa ndani ya maua. Walipulizia sumu mara kwa mara, wengine wakichanganya mbili tatu katika bomba moja, na bado wengi walipoteza zao lao.

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, nitawapitia kwa haraka, kwa kuwa wanaonekana kwa macho na mkulima yeyote anawajua kwa utelezi wanaouacha juu ya majani na kwa sisimizi wanaowafuata. La kukumbuka ni kwamba hasara yao kubwa ni virusi wanavyovisambaza. Baadhi ya virusi vya pilipili huhamia kwenye mmea usio na ugonjwa ndani ya muda mfupi sana tangu kidukari achomeke mrija wake, kabla hata dawa haijamwangusha, na mmea ukishaambukizwa hakuna dawa ya kuuponya. Mche wenye majani ya mabaka ya kijani na manjano ung'olewe na kuondolewa shambani. Kuupulizia ni kupoteza fedha.

Niliposema wapo wanaokula tunda lenyewe nilimkusudia kwanza inzi wa matunda. Mwaka 2006 aligunduliwa hapa nchini inzi mwenye asili ya Asia, Bactrocera latifrons, ambaye anapenda hasa mimea ya jamii ya nyanya, na utafiti uliofuata mkoani kwetu Morogoro umemkuta kwenye nyanya chungu, mnavu na pilipili. Hapa tena tunaumizwa na kutotofautisha. Wengi wetu tunaning'iniza pembezoni mwa mashamba chupa za mtego zenye methili eujenoli, kivutio kilekile kinachotumiwa kwenye miembe, tukidhani kwamba inzi ni inzi. Kivutio hicho huwavuta madume ya inzi wa embe, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika ukanda wetu, lakini madume ya Bactrocera latifrons hayavutwi nacho. Chupa inajaa inzi, mkulima anafurahi na kuwaonyesha majirani, na huku nyuma pilipili zinaendelea kudondoka. Chambo cha protini, ambacho huwavuta majike yenye njaa kabla ya kutaga, kingemfaa zaidi, na kung'oa mnavu ulioota wenyewe kandokando ya mfereji kungemfaa kabla ya chambo.

Wa pili ni nondo mdogo wa kijivu na kahawia, Thaumatotibia leucotreta, mwenyeji wa bara letu la Afrika, ambaye hutaga yai mojamoja juu ya ngozi ya tunda. Ukiokota pilipili iliyodondoka na kuipasua kwa wembe utajua mara moja ni nani aliyepita. Funza wa inzi ni mweupe, hana miguu wala kichwa kinachoonekana, na akiwa amekomaa, ukimgusa hujipinda na kuruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kiwavi wa nondo ana kichwa cha kahawia, ana miguu, na anapokaribia kutoka hugeuka rangi ya waridi. Tofauti hiyo ina bei. Tangu tarehe 1 Januari 2018 Umoja wa Ulaya unadai kwamba pilipili zinazotoka Afrika zithibitishwe kuwa hazina nondo huyu, na mwaka 2019 ulimwingiza katika orodha yake ya visumbufu ishirini vya mimea vya kupewa kipaumbele. Kiwavi mmoja akikutwa ndani ya boksi uwanja wa ndege huko, shehena nzima huzuiwa. Mnunuzi mmoja wa kusafirisha nje aliwahi kufika kwetu, akapasua pilipili kumi kutoka tenga moja, akakuta kiwavi katika mbili, akafunga kisu chake na kuondoka bila kuagana. Sikumlaumu kwa kuondoka, ingawa kuaga hakuna gharama.

Inzi na nondo wote wawili huishia udongoni, na kwa hiyo tunda lililodondoka ndilo ghala la msimu unaofuata. Mashamba mengi niliyopita hapa kwetu yana matunda yaliyooza yametapakaa kati ya matuta, au yamekusanywa vizuri na kisha kumwagwa kwenye mfereji, ambao unayapeleka kwa jirani wa chini. Wataalamu hushauri yafungwe ndani ya mfuko wa plastiki mweusi na kuachwa juani hadi funza wafe kwa joto. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, jambo ambalo naliunga mkono, lakini mfuko mtupu wa mbolea wenye nailoni ndani, ukifungwa mdomo kwa kamba na kulazwa juani, unafanya kazi hiyohiyo. Mimi hukusanya kila baada ya siku mbili. Ni kazi ya uchovu na haina sifa, tena haina maana yoyote endapo jirani hafanyi.

Msomaji wa mjini anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, na methali anayo tayari: pilipili iliyo shamba yakuwashia nini? Nitamjibu. Pilipili haivunwi mara moja kama mahindi. Ikishaanza kuzaa tunaichuma kila wiki, wakati mwingine kila baada ya siku tano, kwa miezi kadhaa. Kila dawa ina siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zilizoandikwa kwenye lebo, na baadhi ya dawa tunazouziwa kwa ajili ya pilipili zinadai siku saba au kumi na nne. Mkulima anayepulizia kila Jumatatu na kuchuma kila Alhamisi ili kuwahi gari la Dar es Salaam hawezi kuzitimiza siku hizo, hata angekuwa mcha Mungu kiasi gani. Dawa isiyofanya kazi kwa sababu mdudu si wake inarudiwa mara nyingi zaidi, na ile pilipili inayokatwa mbichi juu ya kachumbari ya chipsi imebeba marudio hayo yote. Nakiri kwamba katika wiki zile za hofu mwaka jana mimi pia nilichuma mapema kuliko lebo ilivyosema, na tenga zile zilifika sokoni na kununuliwa.

Sitaki kuwatwisha wauza pembejeo lawama zote. Sisi wenyewe tunapoingia dukani hatuulizi chochote ila "iliyo kali ni ipi?", tunapimia kwa kizibo badala ya kusoma lebo, na muuzaji anayetushauri turudi shambani kwanza tukaangalie tunamwona hana bidhaa. Lakini muuzaji amepewa kibali cha kuuza sumu, na mimi sikupewa. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania yenye makao makuu yake Arusha, imeipa mamlaka hiyo kazi ya kusimamia viuatilifu na wanaoviuza. Ombi langu kwake ni dogo na halihitaji bajeti ya kutisha: kila duka la viuatilifu liwe na lenzi ya mkononi juu ya kaunta na picha kubwa ukutani za utitiri, vithiripi, vidukari, funza na kiwavi, na muuzaji apimwe, anapoomba au kuhuisha kibali, kama anaweza kuwatofautisha. Vilevile kiambato amilifu kiandikwe kwenye lebo kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa kama za jina la biashara, ili mzee asiyekuwa na miwani agundue kwamba chupa hii na ile ni ndugu wa tumbo moja.

Halmashauri nazo, zinazokusanya ushuru wa mazao kwa kila gunia linalopita kizuizini, zingetenga sehemu ya fedha hizo kwa mafuta ya pikipiki za maafisa ugani. Afisa aliyenisaidia alifika nimeshapulizia chupa zote mbili. Angefika wiki ya sita ningeokoa shamba kwa salfa ya bei ndogo. Alipofika ilibaki kung'oa, na ndivyo nilivyofanya, nikabakiza matuta manne tu kwa ajili ya mboga ya nyumbani.

Msimu huu nimesia mbegu chini ya neti kitaluni ili inzi weupe wasiguse miche, kwa kuwa nimejifunza kwamba utitiri husafiri wakiwa wameng'ang'ania miguu ya inzi hao. Kuzunguka shamba nimepanda mistari miwili ya mahindi wiki tatu kabla ya kuhamisha miche, ili vidukari wanaopeperuka na upepo watue huko kwanza. Hadi leo nimepulizia mara mbili, mwarobaini mara ya kwanza na salfa mara ya pili, baada ya kuhesabu wadudu katika maua ishirini kila Jumamosi asubuhi na kuandika hesabu hiyo nyuma ya kalenda. Vithiripi wapo, ila hawajazidi wawili au watatu kwa ua. Lenzi niliyonunua, kwa bei iliyo chini ya ile ya chupa moja ya sumu niliyouziwa mwaka jana, haipo nyumbani ninapoandika barua hii. Ilichukuliwa juzi na mama mmoja wa kitongoji cha pili anayelima nyanya chungu, na nimesikia kwamba kutoka kwake imeshakwenda kwa mtu mwingine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa pilipili,
Mlali, Mvomero,
Morogoro.